Kipaji kimoja mara mbili: kangomba, mnada au kukomboa?

Jumamosi iliyopita barazani kwetu Mikindani, tunakocheza mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa karatasi na dadu, kijana anayecheza renja, mwindaji wa porini, alipanda leveli ya 3. Alifungua kitabu kwenye simu, akaanza kunakili kwenye karatasi yake vitu ambavyo fani inampa, halafu penseli ikasimama. Endurance. Neno hilo lilikuwa tayari limeandikwa mistari michache juu, kwa mwandiko wake mwenyewe, tangu siku tulipoanza kampeni. Alilitolea nafasi yake, na sasa fani inamletea jingine bure, kama shangazi anayeingia harusini na sufuria ya tatu.

"Kaka, hii ya pili naipeleka wapi?"

Kwa sheria za mchezo tunaoucheza, haiendi popote. Kipaji ukiwa nacho mara mbili ni sawa na kuwa nacho mara moja, isipokuwa maelezo yake yenyewe yaseme vinginevyo. Kijana akaona kaibiwa. Mwenzake akasema hapana, amevuna mapema. Tukabishana mpaka adhana ya magharibi, na hesabu tulizopiga naziweka hapa kwa yeyote anayetengeneza mhusika na kuona kitu hichohicho kikimjia kutoka pande mbili.

Kwa mgeni wa meza: fani ni kazi ya mhusika, yaani renja, mpiganaji, mtawa na wengine. (Wizadi tunamwita wizadi hivyohivyo, maana ukisema "mchawi" kwa sauti barazani wazee wanageuza shingo.) Kipaji ni uwezo wa ziada unaouchagua mwenyewe kwenye leveli fulani, na baadhi ya fani hukupa vipaji vingine bila kukuuliza. Majina ya vipaji tunayaacha kama yalivyo kitabuni, kwa sababu ukiyatafsiri mtu hapati ukurasa. Tunacheza Pathfinder ya kwanza, ile ya 2009. Sababu si ya kishujaa: sheria zake zinasomeka bure mtandaoni, na hakuna haja ya kumsumbua mtu abebe vitabu vizito kwenye basi la kutoka Dar.

Kangomba na mnada

Kwa asiyetoka Kusini: kangomba ni kumuuzia mtu binafsi korosho yako kabla ya mnada, wakati mwingine ingali juu ya mti, kwa bei ya kutupa, kwa sababu shida ni ya leo. Inakatazwa, na bado watu wanauza. Mnada ni kupeleka ghalani, kuchukua stakabadhi na kusubiri bei. Barazani majina haya mawili yalijileta yenyewe.

Renja wa Pathfinder hupewa Endurance akifika leveli ya 3. Peke yake si kipaji cha kutamanisha: inakupa +4 kwenye majaribio ya uvumilivu kama kukimbia safari ndefu, kushikilia pumzi, njaa na kiu, na inakuruhusu kulala na deraya nyepesi au ya kati bila kuamka umechoka. Watu huitaka kwa sababu ni sharti la kupata Diehard. Diehard ndiyo mali. Alama zako za uhai zikishuka chini ya sifuri huzimiki, unaweza kubaki macho na kutenda kidogo, huku kila tendo zito likikugharimu alama moja zaidi.

Mhusika wa kijana wetu ni binadamu, na binadamu huanza na vipaji viwili badala ya kimoja. Kwa hiyo aliweza kuchukua zote mbili siku ya kwanza. Hiyo ndiyo kangomba. Wa mnada angechukua vipaji vya upinde kwanza, akasubiri Endurance ya bure, kisha akanunua Diehard. Tuliziandika njia zote mbili nyuma ya daftari la mahudhurio:

| Leveli | Kangomba | Mnada |
|---|---|---|
| 1 | Endurance, Diehard | Point-Blank Shot, Precise Shot |
| 2 | Rapid Shot (ya fani) | Rapid Shot (ya fani) |
| 3 | Endurance ya fani (marudio), Point-Blank Shot | Endurance ya fani, Diehard |
| 4 | hakuna kipya | hakuna kipya |

Mtu wa mnada anaweza kununua Diehard leveli ileile ya 3, kwa sababu kitabu kinapanga hatua za kupanda leveli: uwezo wa fani unaingia kwanza, ujuzi na vipaji vinakuja mwisho. Sharti linakuwa limetimia dakika ile anapochagua.

Ukihesabu hadi mwisho wa jedwali, wa mnada ana kipaji kimoja zaidi. Gharama ya marudio ni hiyo, nafasi moja, na inaanza kuuma leveli ya 3 kwenda mbele. Kabla ya hapo hakuna marudio yoyote. Kuna mtu mmoja ana Diehard na mwingine hana.

Hapa ndipo ninapotofautiana na ushauri unaorudiwa kila mahali kwamba usinunue kamwe kitu ambacho fani itakupa. Ushauri huo unadhani kampeni itafika leveli ya 15. Yetu haifiki. Tunaanza mwezi wa tano, na mwezi wa kumi korosho ikishaiva nusu ya meza iko shambani Newala na Tandahimba. Ukitoa harusi na misiba, hubaki vikao kama 16, na kwa kupanda leveli kila baada ya vikao vinne tunaishia leveli ya 4. Leveli ya 1 na ya 2 ni vikao vinane, nusu nzima ya maisha ya mhusika. Kijana amekula matunda ya Diehard nusu hiyo yote.

Tena ameyala kweli. Kikao cha sita, kwenye magofu ya bandari ambayo nimeyachora nikiikumbuka Kilwa Kisiwani, wenzake wawili walikuwa chini na yeye alipigwa hadi −3. Mtu mwingine angezimia. Yeye alibaki amejiegemeza kwenye nguzo, akafyatua mshale mmoja, akashuka hadi −4, na mlanguzi wa mwisho akaanguka mlangoni akiwa na ufunguo mkononi. Bila kile kipaji "kilichopotea" tungekuwa tunatengeneza wahusika wapya usiku ule.

Hata hivyo simpi ushindi wote, na sababu ni upinde wake. Ukipiga mshale kwenye mtu anayepigana ana kwa ana na mwenzako, unakatwa 4 kwenye dadu ya pande 20. Ni nafasi moja kati ya tano ya kupata inayoyeyuka. Precise Shot ndiyo inayoifuta adhabu hiyo. Alikosa mishale mingi sana vikao vinane vile, na kila aliyekuwa mbele alijua. Angekuwa renja wa mkuki au mapanga mawili, anayesimama mahali pa kupigwa, ningemwambia fanya kangomba bila kuuliza. Kwa mpiga upinde anayekaa nyuma, mnada ulikuwa bora, kwa sababu wa nyuma hafikii chini ya sifuri mara nyingi na kukosa anakosa kila raundi.

Kama mhusika si binadamu, tuseme mbilikimo wa milimani, suala hili halichukui muda. Ana kipaji kimoja tu leveli ya 1, hivyo Diehard haipati kabla ya leveli ya 3 kwa njia yoyote. Akinunua Endurance mapema amejinunulia usingizi wa ndani ya deraya kwa leveli mbili, basi.

Kukomboa

Njia ya tatu ndiyo iliyomrudishia kijana uso wake. Mwaka 2013 Pathfinder walitoa kitabu cha Ultimate Campaign chenye sheria za kujifunza upya. Kubadili kipaji kunachukua siku 5 za ndani ya hadithi, ukifundishwa na mtu mwenye kipaji unachokitaka, na gharama ni sarafu za dhahabu 10 mara leveli yako mara idadi ya siku. Kwa leveli ya 3 ni 150. Kitabu kikuu kinakadiria mhusika wa leveli hiyo awe na mali ya sarafu kama 3,000, kwa hiyo ni sehemu moja ya ishirini ya alichonacho. Rehani rahisi kuliko nyingi ninazozijua.

Kwa njia hii unafanya kangomba leveli ya 1, unatumia Diehard wakati wa hatari, kisha leveli ya 3 unaitoa Endurance uliyoinunua na kuweka Precise Shot. Ile ya fani inabaki. Kuanzia hapo wewe na mtu wa mnada mko sawa kwa hesabu ya vipaji, na umemzidi vikao vinane vya Diehard.

Kuna mwiba. Sheria inasema kipaji unachokitoa kisiwe kile ulichokitumia kama sharti la kupata kingine, na Endurance ya kwanza ndiyo iliyofungua mlango wa Diehard. Msomaji mkali atasema huigusi. Mimi nasema sharti bado limeshikwa, maana Endurance ya fani ipo na Diehard haijabaki yatima hata sekunde moja. Lengo la katazo ni kuzuia mtu asipande ngazi kisha akaivuta. Lakini huo ni usomaji wangu, na mwendesha mchezo wako anaweza kuwa mtu wa herufi. Muulize leveli ya 1. Ukimuuliza leveli ya 3 atadhani unatafuta upenyo.

Mpiganaji ana kukomboa kwake, na hakuna ada. Akifika leveli ya 4, na kila leveli nne baada ya hapo, anaweza kubadili kipaji kimoja kati ya vile alivyopewa na fani yake. Kwa hiyo ni muhimu sana umeandika kipaji kwenye nafasi ipi. Tuna dada mmoja anayecheza mpiganaji wa mieleka, na alishaamua mapema kuwa baadaye atachukua leveli moja ya mtawa. Mtawa, ambaye kwenye mchezo huu hupigana kwa mikono mitupu, hupewa Improved Unarmed Strike, kipaji cha ngumi, leveli yake ya kwanza. Dada naye aliihitaji mapema, akaichukua leveli ya 1, ila aliiandika kwenye nafasi ya ziada ya mpiganaji na si kwenye nafasi yake ya kawaida. Marudio yakishakuja, ile ya mpiganaji inabadilishika kwenye zamu yake inayofuata ya leveli nne za mpiganaji, mradi mwiba uleule wa sharti usiikamate. Angeiandika mstari wa juu yake ingebaki pale milele, au angelipia siku tano. Kipaji ni kilekile, karatasi ni ileile, tofauti ni mstari. Watu wengi huandika vipaji kwa lundo bila kuonyesha kimetoka wapi, halafu leveli ya 4 wanakuna kichwa.

Meza zinazocheza D&D ya 3.5, ya mwaka 2003, mchezo ambao Pathfinder imetoka kwake, zijue kuwa renja wake pia hupewa Endurance leveli ya 3, lakini kitabu kikuu hakina kujifunza upya. Hilo lilikuja na Player's Handbook II ya 2006. Kama hamkitumii, kangomba huko haikomboleki.

Kubadili tawi, au kupitisha sheria ya baraza

Pathfinder ina matawi ya fani yanayoondoa vitu fulani na kuweka vingine. Kwa renja lipo la mjini, Urban Ranger, ambalo leveli ya 3 halikupi Endurance, linakupa ufundi wa kutegua mitego. Kwa anayetaka kununua Endurance mwenyewe, tatizo limekwisha kabla halijaanza. Ila tawi hulichukui kipande. Linakuja na mabadiliko yake yote, likiwemo la kubadilishana maeneo ya porini unayoyajua kwa mitaa ya mji. Kwa hadithi inayozunguka vichochoro vya Mikindani ni zuri mno. Kwa hadithi inayokwenda bara mpaka Ruvuma, umejifunga. Usichague tawi kwa ajili ya kukwepa marudio peke yake.

Sheria ya baraza ndiyo ambayo kila mtu huikimbilia: kikija mara mbili, chagua kingine chochote. Inasikika ya haki. Hata D&D ya 2014 ina sentensi ya namna hiyo, lakini ni kwa umahiri wa ujuzi na vifaa: chimbuko lako (maisha ya mhusika kabla ya fani) na fani yako vikikupa umahiri uleule, unachagua mwingine wa aina hiyo. Tatizo la kuihamishia kwenye vipaji ni kwamba kangomba inakuwa haina bei. Rudi kwenye jedwali. Renja wetu angepata Diehard leveli ya 1, kisha leveli ya 3 anafidiwa nafasi kamili. Hakuna binadamu atakayesubiri tena. Kila renja wa baraza lenu atakuwa na karatasi inayofanana na ya mwenzake. Tulijaribu msimu mmoja na ndivyo ilivyokuwa.

Tulichoishia nacho ni hiki: kibadala kinakuja, ila kinachelewa leveli moja. Marudio ya leveli ya 3 yanalipwa leveli ya 4. Kwenye kampeni fupi kama yetu kuchelewa leveli moja ni robo ya msimu, na inatosha kumfanya mtu afikirie. Naipenda pale hadithi inapokimbia na hakuna siku tano za kukaa na mwalimu. Hadithi ikiwa na nafasi, jahazi limekwama au mvua imefunga njia, kukomboa kwa dhahabu ni bora, kwa sababu kunazaa mchezo: nani anakufundisha, anataka nini.

Wanaocheza D&D mpya, na marudio ya nusu

Kwenye D&D ya 2014 marudio makubwa hayamo kwenye vipaji, yamo kwenye uwezo wa fani ukizichanganya. Mpiganaji aliyefika leveli ya 5 ana shambulio la ziada. Akiongeza leveli 5 za renja, la pili halijumlishwi juu ya la kwanza. Hilo ni pigo zito kuliko Endurance mara kumi, maana leveli ya 5 ndiyo watu huisubiri. Kama unachanganya, fika 5 kwenye fani moja kisha uionje nyingine kidogo.

Toleo la 2024 limefunga kipaji cha mwanzo kwenye chimbuko. Baharia anapewa Tavern Brawler, mkulima Tough, mhalifu Alert. Binadamu anaongezewa kimoja cha mwanzo cha kuchagua mwenyewe. Jibu ni jepesi: amua chimbuko kwanza, la binadamu lije mwisho, hutagongana na kitu. Magic Initiate na Skilled zinaruhusiwa kurudiwa, ingawa ya kwanza lazima uchague orodha nyingine ya uchawi.

Ugumu uko kwenye marudio ya nusu, ambayo hayajionyeshi kwa jina. Mikindani kila mtu anataka kucheza baharia. Msimu uliopita mmoja alitaka baharia ambaye ni mtawa, na wenzake wakamcheka kwamba Tavern Brawler inamfanya apige ngumi za dadu ya pande 4 wakati mtawa tayari anapiga za pande 6. Ni kweli, kipande hicho kimekufa. Lakini kipaji kile kina vipande vinne. Kipo cha kurudia dadu ya ngumi ikitoka 1, ambacho kinafanya kazi hata kwenye dadu ya mtawa na kuinua wastani wake kutoka 3.5 hadi karibu 3.9. Kipo cha kumsukuma adui futi 5 mara moja kwa zamu. Kipo cha kupigania chochote ulichookota, kiti au kasia. Vitatu kati ya vinne vinaishi. Kabla hujasema kipaji kimerudiwa, kisome kipande kwa kipande na ufute vilivyokufa tu. Kikibaki na nusu hai, baki nacho. Kikibaki na robo, nenda ukabadilishe chimbuko.

Kijana wetu wa renja aliamua kukomboa. Kwenye hadithi tulikuwa ndani ya jahazi tukisubiri upepo, na mpiga upinde mwenzake mmoja ana Precise Shot, hivyo mwalimu hakuhitaji kutafutwa. Alikuwa na sarafu 212. Akaandika 62, akaifuta Endurance ya juu kwa raba iliyokauka mpaka karatasi ikachanika, na Precise Shot akaiandika pembeni ya tundu.